Mwaka Bibi Aliposahau Kiswahili

Tulimzika Kalunde kijijini kwao Ntalikwa, siku ya Jumatano, mvua ilipotupa nafasi kidogo. Nilikaa mkekani na wifi zake na mabinti zake, tukila karanga za kuchemsha, wanawake wakimsimulia marehemu kwa Kinyamwezi, na kila walipozidi kusimulia kwa kasi mimi nami nikachangia kwa kasi ileile. Mjukuu wake mmoja, mwalimu wa sekondari, alinitazama kwa muda, kisha akasogea. "Shikamoo bibi. Samahani kwa swali. Wewe si katika wale Waarabu wa mjini? Kinyamwezi hiki umejifunzia wapi?" Nikamjibu kwamba nilijifunzia nyumbani kwa baba yangu, mwaka niliofungiwa ndani. Akacheka kwa adabu, akidhani namtania mfiwa kama desturi ya wazee. Sikumlaumu. Bibi yake alikuwa amelala kaburini saa moja tu, na ndiye mtu wa mwisho aliyeujua mwaka ule kama mimi ninavyoujua. Njiani kurudi mjini nilifikiri: nikifa nami, itakuwa kama haukuwahi kuwapo.

Habari za ukoo wetu wapo wanaozijua na kuzipenda kuliko mimi, waulizwe hao. Mimi nasimulia mwaka mmoja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, katika miaka ile ambayo Mwingereza bado alikuwa bomani lakini watu walikwisha kuanza kuulizana ataondoka lini. Nilikuwa nimevunja ungo, na kwa desturi ya nyumba kama yetu msichana akishavunja ungo haonekani tena nje mpaka siku ya harusi. Shule ikaisha siku hiyohiyo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo mnene, ukumbi mbele, vyumba vinne pande mbili, na ua nyuma wenye kisima na jiko. Dirisha la chumba changu lilikuwa na fito za mbao na pazia, nami nilijua barabara yetu kwa masikio: baiskeli ya mleta barua, garimoshi la Mwanza likipiga honi, wanawake wa vijijini wakipita na vikapu kichwani wakicheka kwa sauti ambayo mama alisema ni ya watu wasiofunzwa. Mimi nilizisikia zile sauti na kuona wivu. Niliogopa kumwambia mtu kwamba nawaonea wivu Wanyamwezi.

Maana kwetu, Mnyamwezi alikuwa ni mtu wa kusemwa. Baba yangu, Bwana Seif, alikuwa akinunua asali na nta kutoka vijijini, na hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuondoka barazani kwake bila kusalimiwa kwa tabasamu. Lakini wakianza kuzungumza Kinyamwezi mbele yake aliwakata: "Sema Kiswahili, bwana. Mimi lugha za porini sizijui." Wazee wenye mvi walihangaika na ngeli mbele yake kama watoto, naye akingoja, akitabasamu. Wakishaondoka tabasamu lilikwenda nao. Baada ya swala ya alasiri wenzake watatu walikuja kunywa kahawa, na kwa kuwa baraza ilikuwa chini ya dirisha langu, mazungumzo yao ndiyo yaliyokuwa shule yangu ya mwaka ule. Walianza na bei ya nta na kuishia palepale kila siku: nyumba ya fulani imeuzwa kwa Mnyamwezi wa reli, fulani kahamia Pwani, mtaa ule zimebaki nyumba ngapi za watu wetu? "Hawa wakishika serikali," mmoja alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "watatukumbusha kila kitu." Hapo nilisikia vikombe tu. Siku zile sikuelewa "kila kitu" ni kitu gani. Leo naelewa. Tuliwadharau kwa sababu tuliwaogopa, na tuliwaogopa kwa sababu tuliyajua waliyotendewa na babu zetu siku za utumwa, na tuliyajua zaidi ya tulivyokubali. Mtu akiishi hivyo kwa muda mrefu, dharau inakuwa ndiyo kuta za nyumba yake. Haoni tena kwamba amejifungia mwenyewe.

Na ndani ya kuta hizo, tukila naye sahani moja, alikuwamo Bibi Johari, mama mzazi wa baba. Alikuwa mweusi kuliko sisi sote, mfupi, mwenye chale mbili ndogo kila upande wa uso karibu na jicho. Kila mtu mtaani alijua maana ya chale zile na hakuna aliyezitaja. Alisali swala zote tano, alipika tambi za sukari kuliko mwanamke yeyote wa mji, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kiasi cha kumrekebisha mama. Niliwahi kumuuliza, nikiwa mdogo, kwao ni wapi. Alinijibu, "Kwetu ni hapa ulipokaa, Thureya. Sogea nipange sahani."

Mwanzo wa masika bibi alipatwa na homa, akaanguka kando ya kisima. Alilala siku tatu bila kufumbua macho. Siku ya nne aliamka, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika kanga ya kumpangusa jasho, akasema neno ambalo sikulijua. Nikamwambia, "Bibi, ni mimi, Thureya." Akalirudia neno lile kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni mwenye adabu. Kisha akasema maneno mengi zaidi. Hakuna hata moja lililokuwa la Kiswahili. Mama aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji alisimama, na uji ukamwagika kidogo juu ya mkono wake, asishtuke. "Anasema nini?" nikauliza. Mama akasema, "Pepo huyo," akaweka bakuli chini, akaenda kumwita baba.

Baba alifika, akasimama kizingitini. Bibi alimwona, uso ukamng'ara, akanyoosha mkono na kumwambia jambo refu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akamwambia mama, "Mhamisheni chumba." Chumba cha bibi kilikuwa karibu na baraza. Jioni ileile tulimhamishia katika ghala la nyuma, lenye madebe ya asali na mafungu ya nta, mahali ambapo sauti haikuweza kufika barabarani. Aliitwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasoma na kumpulizia maji. Bibi alimshukuru kwa Kinyamwezi. Kuanzia hapo jamaa wakija kumjulia hali waliambiwa amelala. Mimi nikawekwa kumtunza, kwa kuwa mwali hana pa kwenda, na siri iliyokabidhiwa kwa mtu aliyefungiwa haitoki. Hivyo ndani ya kifungo changu nikapewa kifungo kingine, chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye harufu tamu ya nta iliyoniingia nywele, na mwanamke niliyempenda akinisemesha kutwa nzima nami simwelewi.

Neno la kwanza nililojifunza ni minzi, maji, kwa sababu alionyesha mtungi. La pili lilikuwa mayo, mama, kwa sababu ndivyo alivyoniita. Alidhani mimi ni mama wa nyumba ile. Lakini ilikuwapo sentensi moja aliyoirudia asubuhi na jioni, akinitazama machoni, akingoja jibu, na kila nilipotikisa kichwa alishusha macho na kukunja mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa. Sentensi ile ilinitesa. Nilimuuliza baba wakati namletea maji ya kutawadha, "Baba, bibi anataka kitu. Anauliza kila siku. Hakuna mtu wa kutuambia?" Baba alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Mgonjwa hasemi kitu," akajibu. "Anapayuka. Usimsikilize, nawe utaugua."

Kalunde alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi kutoka Ntalikwa, akipitia mlango wa uani, kibuyu kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa na miaka ishirini hivi, amenizidi mitano, lakini sikuwahi kumpa shikamoo. Shikamoo yetu ilikuwa na mipaka. Nilimwita "Kalunde" tu, naye aliniita "mwali", na mazungumzo yetu yalikuwa ni kipimo cha maziwa. Asubuhi moja mama alikuwa amekwenda msibani, baba yuko sokoni. Nikamshika mkono, mkono wa mtu ambaye nilikuwa sijawahi hata kumgusa kidole, nikamwambia, "Kalunde, njoo. Kuna mtu anasema, nataka uniambie anasema nini."

Aliinama kupita mlango wa ghala. Akasalimia, "Mwangaluka, mayo." Bibi akageuza kichwa taratibu. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukifunguka namna ile. Waliongea. Mwanzoni Kalunde alicheka, akijibu haraka haraka, kama watu waliokutana kisimani. Kisha akaacha kucheka. Akapiga magoti, akamshika bibi mkono, akaendelea kusikiliza, machozi yakimtiririka asiyafute kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umemshika mtoto mgongoni.

"Anasema nini?"

"Huyu ni nani wenu?" akaniuliza.

"Bibi yangu. Mzaa baba."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Anasema jina lake ni Nyamizi, ana miaka kumi. Anasema kaka yake Maganga na baba yao wamemwacha hapa kwa ajili ya njaa, wapewe mtama. Kaka yake kamwambia angoje, mtama wao ukiiva watarudi kumchukua. Anauliza, mayo, je, mtama umeiva? Ndiyo hiyo anayouliza. Mtama umeiva?"

Nilikaa juu ya debe la asali. Nilikuwa nimetikisa kichwa mbele ya swali lile kwa wiki saba. Kila siku nilikuwa nikimwambia mtoto wa miaka kumi kwamba bado.

Tangu siku ile Kalunde alianza kufika mapema, kabla mama hajamaliza kusali na kusoma, akiingia ghalani kwa dakika chache. Alinifundisha, sentensi moja asubuhi moja, nami kutwa nzima nikaijaribu kwa bibi, naye akinirekebisha kwa subira ileile aliyomrekebishia mama Kiswahili. Kalunde alileta matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa kwa jua, amevificha ndani ya kanga. Bibi aliyekuwa akikataa tambi zetu alivila vyote, akilamba vidole. Siku moja nilimuuliza Kalunde jambo nililokuwa nikilisikia barazani kila alasiri. "Ninyi Wanyamwezi, mkikaa wenyewe, mnasema nini juu yetu?" Alifikiri kwa kweli, akitaka kunijibu vizuri. "Juu yenu? Mwali, sisi tunalima. Tunasema juu ya mvua, na nguruwe pori, na wakwe. Labda mtu akitoka kuuza asali atasema, yule Mwarabu mizani yake nzito. Basi." Akajitwika kibuyu chake akaondoka. Nilibaki nimeduwaa. Baba na wenzake walikuwa wakikesha katika nafsi zao kwa ajili ya watu ambao hawakuwa hata wakiwawaza. Mpaka leo sijui kipi ni kifungo kibaya zaidi, kuchukiwa na walio wengi, au kuishi maisha yako yote ukijiandaa kwa chuki ambayo wao wenyewe hawana nafasi nayo.

Baada ya kiangazi kuanza ilikuja posa kutoka Nzega. Ilikuwa nyumba inayojulikana, watu waliokuwa wakitaja mababu zao mpaka Maskati bila kupumua. Walikuja wanawake wawili kunitazama, Bi Ghaniya, mama wa kijana, na dada yake. Mama alitandika mikeka mipya ukumbini, akatoa halua, akapika mkate wa kumimina, akanipaka wanja mpaka macho yakawasha. Asubuhi yake alimnywesha bibi dawa ya usingizi ya mitishamba. Nilikaa mbele ya wageni, macho chini, nikiwamiminia kahawa, wakauliza kama najua kusoma Kurani, kama najua kushona. Kila kitu kilikwenda vizuri. Ndipo nikasikia, kutoka nyuma, kwa sauti nyembamba iliyokauka, "Minzi. Mayo, minzi."

Dada yake Bi Ghaniya aliinua kichwa. "Nani anaita?"

Mama alitazama ndani ya kikombe chake. Nilimngoja aseme. Sauti ikaita tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na Bi Ghaniya akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule ni nani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu husema jambo kama lile humtoka mtu ghafla. Kwangu halikutoka ghafla. Nilimfikiria mama, nikamfikiria baba na vikombe vya kahawa barazani, nikafikiria kwamba posa ikivunjika nitakaa ndani mwaka mwingine, na labda mwingine. Nikasema, "Ni mtumishi wetu wa zamani. Amezeeka, akili imemruka."

"Maskini," alisema Bi Ghaniya. "Mnafanya vizuri kumtunza."

"Ndiyo," mama akajibu. "Hana kwao."

Bibi aliita kwa muda mrefu. Hatukuweza kuinuka, maana kuinuka kungekuwa kumjali kupita kiasi mtumishi. Tulikula halua. Mwishowe akanyamaza. Wageni walipoondoka mama alinibusu kwenye paji la uso, jambo alilolifanya mara chache, akasema, "Umejua kujibu." Nilikimbilia ghalani. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, amejiburuta mpaka karibu na mtungi na kushindwa kuufikia, midomo imepasuka. Nilimnywesha. Akanywa, akanishukuru: "Wabeja, mayo." Akanipigapiga mkono kunituliza.

Asubuhi iliyofuata nilimpokea Kalunde mlangoni. Nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Shikamoo." Alinitazama kwa mashaka, akaitikia, "Marahaba." Nikamweleza yote, hata lile jibu langu, maana nilitaka mtu anilaumu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Amesema kwao ni upande wa Bukene. Shemeji yangu anafanya kazi relini huko. Nitamtuma aulize kama yuko mtu anaitwa Maganga aliyempoteza dada." Sikuwa na tumaini. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, na akina Maganga katika Unyamwezi ni wengi kama miti.

Alikuja mwezi uliofuata, mchana, saa ya jua kali. Nilikuwa chumbani kwangu nikishona foronya za harusi, kwa kuwa posa ilikuwa imekubaliwa. Nilisikia hodi barazani, na sauti ya mzee. Nilichungulia kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, amevaa koti la kijeshi lililochakaa na kushika fimbo, miguu na vumbi la kutoka stesheni. Kwenye uso wake zilikuwapo chale mbili kila upande.

"Karibu mzee," baba alisema kwa tabasamu la kazi. "Umeleta nta?"

"Sikuleta kitu." Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga. "Naitwa Maganga. Mimi natafuta dada yangu. Nyamizi."

Kisha baba akasema, na sauti yake haikuwa imebadilika hata kidogo, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo. "Hata mara ile nilijibiwa hivyo. Mtama ulipoiva tulikuja, mimi na baba. Tulibeba mtama mizigo miwili, tumkomboe. Alitoka bwana mmoja hapa mlangoni, akasema, hapa hakuna mtoto wa jina hilo. Tukakaa siku mbili pale ng'ambo ya njia. Tukarudi." Akakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa. "Leo nami ni mzee. Naweza kukaa zaidi ya siku mbili."

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka sindano ikinichoma kidole, nakumbuka mlango wa mbele, mzito, wa mninga, ambao sikuwa nimeugusa kwa miezi kumi, na jua lililonipiga usoni mpaka nikafumba macho. Nilikuwa kichwa wazi, bila buibui, mtaani, mchana. Nikamwambia mzee kwa Kinyamwezi changu cha ghalani, "Yupo. Njoo, babu." Nikamshika mkono. Baba aliniita jina langu mara moja. Nilipita mbele yake nimemshika mzee mkono, nikamwingiza ukumbini, nikampitisha juu ya mikeka mipya na viatu vyake vya mpira wa gurudumu, mama amesimama jikoni mkono mdomoni, mpaka ghalani.

Bibi alikuwa ameketi, ameegemea mafungu ya nta. Alimtazama yule mzee mwenye mvi, na sijui alimwona nani, lakini alisema bila kushangaa, kama aliyechelewa kidogo tu kuchukuliwa: "Maganga. Mtama umeiva?"

Mzee alifungua kinywa. Fimbo ikamwanguka. Alisimama pale, na bibi akangoja, mikono mapajani. Swali lile nililokuwa nimelijibu kwa kutikisa kichwa wiki baada ya wiki likabaki hewani, mpaka sauti ikajibu kutoka nyuma yetu. Ilijibu kwa Kinyamwezi, safi, bila kigugumizi, Kinyamwezi cha mtu aliyekinyonya, ambacho mimi sitakipata hata nikiishi mara mbili.

"Umeiva, mayo," baba alisema. "Umeiva wote."

Alikuwa amesimama kizingitini, mahali palepale aliposimama siku ya kwanza. Bibi alicheka kwa furaha, akamwambia kaka yake akae, wataondoka jua likipoa. Baba aligeuka, akaenda uani, nikasikia akichota maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, bila kuyatumia.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo kuta zilianguka. Hazikuanguka. Mzee Maganga alikaa kwetu siku nne, akala na kulala ghalani, na baba akamletea chakula kwa mkono wake mwenyewe. Lakini hakumketisha barazani hata mara moja, na wenzake wa kahawa walipouliza ni nani, aliwaambia ni muuza asali aliyeugua. Maganga aliomba kumchukua dada yake. Baba alisema hawezi safari, na hilo lilikuwa kweli. Kalunde alikatazwa kuja; maziwa yakatafutwa kwingine, nami sikumwona tena kwa miaka kumi na mmoja. Baba hakunipiga. Alimwambia mama, mimi nikisikia, "Harusi isogezwe," ikasogezwa, na baada ya majuma matatu nilipandishwa motokaa, nimefunikwa gubigubi, kwenda Nzega kwenye nyumba nyingine yenye fito za mbao madirishani. Bibi alifariki mwezi uliofuata. Niliambiwa kwamba mazikoni baba alisimama kupokea mikono ya rambirambi, na Maganga aliyekuwa ametoka Bukene alisimama mwisho kabisa wa mstari, na kwamba watu wa mji walipofika kwake walisita, wakampa mkono, wakaendelea. Janga tuliloliogopa miezi yote ile lilikuwa hilo tu, kusita kidogo. Mama mkwe wangu nilimwambia ukweli mwaka wa tatu. Alisema alijua, akaniomba nimpitishie chumvi.

Baba alikuja Nzega nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Tulikaa ukumbini peke yetu, yeye na kahawa yake, mimi na mtoto kifuani. Alikuwa amezeeka haraka. Nilikuwa mke wa mtu sasa, na hilo lilinipa ujasiri ambao msichana hana.

"Baba," nikasema, "bibi ulikuwa ukimwelewa tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza."

"Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Kwa nini hukuniambia kwamba unaelewa?"

Alizungusha kikombe kidogo kati ya vidole viwili, akakitazama kama kilikuwa cha mtu mwingine.

"Ningekuambia naelewa," akasema, "ungeniuliza anasema nini."